Baba Yetu na Gunia la Unga

Nilijifunza Sala ya Bwana kabla sijajua kusoma, na kwa miaka mingi kila nilipofika kwenye maneno "Utupe leo riziki yetu", nilichokiona akilini ni gunia. Lilikuwa gunia la unga wa mahindi ambalo baba yangu alilibeba begani kila mwezi kutoka kwenye ghala la posho la kambi yetu ya wafanyakazi hapa Lubumbashi, Kongo, pamoja na samaki wakavu, maharagwe na chupa ya mafuta ya mawese, baada ya karani kutia alama kwenye kadi yake. Sisi watoto tulimngoja penye kona ya njia, tukamsindikiza hadi nyumbani bila kelele, kwa heshima ambayo kanisani tulikuwa hatuna. Mama alilipokea gunia, akalipiga makofi mawili ili ajue kama limejaa kweli, kisha akasema kwamba Mungu ni mwema. Nami sikuona tofauti kubwa kati ya Mungu huyo na yule karani wa dirishani.

Wala haikuwa akili ya kitoto tu. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipoona mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba ni hasara kuleta kila mara wafanyakazi wapya kutoka mbali, iliamua kuwaacha wakae na wake zao na watoto wao, na juu ya uamuzi huo yakajengwa maisha ya kambi jinsi wazazi wetu walivyoyajua: nyumba, hospitali, shule, unga, na misheni kando yake. Wazee, ambao kampuni waliiita kazi tu, walikuwa wakisema kwamba kazi ndiyo baba na kazi ndiyo mama, na walimaanisha hivyo hasa. Nilizaliwa katika hospitali ya kazi, nikasoma katika shule ya kazi, na honi ya kazi ndiyo iliyotuamsha, hata siku ambazo baba alikuwa mgonjwa. Mchungaji wetu wa wakati ule, mtu mwema aliyetufundisha kuimba kwa sauti nne, alipenda kumweleza Baba wa mbinguni kwa mfano huo: hasahau kadi ya mtu, hachelewi siku ya posho. Tuliitikia Amina kwa moyo wote. Hakuna aliyeona kwamba baba wa mfano ule alikuwa anatoa kwa sababu amefanyiwa kazi, na kwamba aliyefutwa kazi alitakiwa kuiacha nyumba, yeye na watoto wake. Tulijifunza mambo mawili kwa pamoja bila kuyatenganisha: kwamba riziki hutoka juu kupitia dirisha dogo, na kwamba hupewa yule ambaye jina lake limo kwenye orodha.

Mwaka 1980 mimi mwenyewe niliingia kazini, si kwenye tanuru za shaba kama baba, bali katika ofisi ya mishahara, ambako kwa miaka 23 niliandika majina na tarakimu. Yaliyotokea katika miaka hiyo kila mtu wa Katanga anayajua: nchi iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa haifikishi hata 50,000. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa ili waondoke, na mpango huo ukaitwa kuondoka kwa hiari. Neno hiari lilitufanya tucheke kidogo, maana mtu ambaye hajauona mshahara wake kwa miezi mingi ana hiari ya namna gani? Nilitia sahihi. Mikononi nilipata dola 6,000 na kitu, fedha ambazo sikuwahi kuzishika kwa pamoja kabla ya siku hiyo wala sijazishika tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinichukua miaka kumi kuweza kulisema mbele ya watu. Katika miezi ile mji mzima ulijua nani amelipwa. Wauza magari makuukuu walijua, wajomba tuliokuwa hatujawaona tangu mazishi ya mwisho walijua, na wahubiri nao walijua. Nilialikwa na mwenzangu wa ofisini kwenye mikutano ya jioni katika ukumbi wenye vipaza sauti vikubwa na jenereta nje, na pale mhubiri mmoja, ambaye jina lake silitaji, alituambia sisi wa hiari maneno yaliyoniingia kama mkuki. Alisema tumekula posho ya wanadamu vya kutosha, na kwamba Mungu sasa anataka kumpa kila mmoja wetu mgodi wake mwenyewe, ila mgodi huo unangoja mbegu. Alisoma Wagalatia 6:7, kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Alisoma Malaki 3:10, juu ya madirisha ya mbinguni. Na alipomalizia na mbegu iliyozaa thelathini, sitini na mia, mimi karani wa mishahara nilitoa daftari nikapiga hesabu: 2,000 mara thelathini. Nakumbuka hata mstari nilioupiga chini ya jumla.

Nilitoa dola 2,000 ndani ya bahasha, jina langu juu yake na maombi matatu kwa ndani, na sikumwambia mke wangu.

Leo najua kwamba katika Marko 4 Yesu mwenyewe anaeleza kuwa kinachopandwa ni neno, na kwamba hakuna sarafu hata moja katika mfano ule. Lakini sitaki kujifanya kama nilidanganywa kwa kutojua Maandiko. Nilidanganywa kwa sababu mhubiri yule alisema lugha niliyozaliwa nayo. Kampuni ilikuwa imekufa, nami nilikuwa natafuta kampuni nyingine, kubwa kuliko ile, isiyofilisika, yenye dirisha na karani na orodha. Naye aliniambia kwamba ipo, na kwamba jina langu laweza kuandikwa la kwanza. Walio nje hutushangaa sisi wa mjini humu kwa wingi wa vyumba vya maombi vilivyochipuka miaka ile. Mimi sishangai. Watoto walioachwa na baba mmoja walikuwa wakitafuta baba mwingine.

Fedha zilizobaki zilikwenda upesi: mabati, karo ya chuo kwa mtoto wa kwanza, ugonjwa wa mama yangu, na basi dogo lililotembea miezi minne kisha likalala uani. Siku niliposhindwa kulipa karo ya watoto wadogo, mke wangu aliniketisha akaomba daftari langu, naye si mtu wa kuomba daftari. Aliupata mstari ule. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba Ilunga, mkate wa watoto ulimpa nani?" Kisha akaenda kulala, na siku ya tatu akaamka saa kumi usiku, akawasha makala, yaani makaa, akaanza kukaanga vitumbua. Aliviuza kando ya barabara huku Katuba kwa miaka sita, mvua na vumbi, na watoto wakasoma. Ukiniuliza madirisha ya mbinguni yalifunguka upande gani, nitakuonyesha karai lile la mafuta, nalo bado tunalo.

Mke wangu alilelewa katika Kanisa Katoliki, Kamalondo, akaja kwetu Waprotestanti kwa ajili ya ndoa, lakini sala aliyofundishwa na mama yake hajaiacha. Tunapoomba pamoja nyumbani, mimi husema "Utupe leo riziki yetu", yeye husema "Utupe leo mkate wetu wa kila siku", na kwa kuwa maneno yake ni mengi kuliko yangu, mimi hufika mbele nikamngoja. Watoto walikuwa wakicheka hapo kila mara. Usiku mmoja umeme ulikuwa umekatika, mishumaa imekwisha, nami katika kumngoja kule nikasikia kwa mara ya kwanza kile anachokisema: mkate, wetu, wa kila siku. Mwanamke huyu, ambaye mikono yake ilinuka mafuta na unga, alikuwa akiomba kwa ajili ya kesho saa kumi usiku. Mimi, miaka yote ile, nilikuwa naomba mwisho wa mwezi.

Baadaye nilimwuliza kijana wetu mmoja aliyesoma teolojia kwa nini tafsiri hizi mbili hazifanani, naye akanieleza kitu ambacho kimenipa kazi mpaka leo. Neno la Kigiriki lililoko hapo, epiousios, ni gumu kiasi kwamba Origen, katika karne ya tatu, aliyekuwa Mgiriki wa lugha na msomi wa hali ya juu, alisema hakulikuta kwa waandishi wala katika maongezi ya watu, akadhani wainjili wenyewe ndio waliolitunga. Wengine husema maana yake ni mkate wa leo, wengine mkate wa kesho, wengine mkate unaotosha kwa uhai. Na Jerome, alipotafsiri Mathayo kwa Kilatini, aliandika neno linaloelekeza kwenye mkate ulio juu ya vitu vyote. Basi wasomi wanabishana juu ya neno hilo. Lakini juu ya neno linaloliandama hakuna ubishi: ni "yetu", ni "wetu". Sala nzima haina "yangu" hata moja. Kwa mtu aliyeandika kadi za mishahara kwa miaka 23, kila kadi jina moja, jambo hilo lilikuwa kama kukuta kosa katika hesabu iliyokwisha kufungwa.

Kwa kuwa nilijua hesabu, kanisa letu liliniomba niwe mweka hazina, nami nilikataa mara mbili kabla ya kukubali, kwa sababu unayoijua. Nilipokubali nilileta wazo la gunia la pamoja. Mahindi tunayokula hapa mjini sehemu kubwa hutoka Zambia, yakipita mpakani Kasumbalesa, na bei yake ina majira yake kama mvua: hushuka baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, na hupanda kuanzia Desemba hadi Machi, wakati ambapo familia nyingi hupunguza bukari, yaani ugali, kutoka milo miwili hadi mmoja. Kila nyumba ingechanga kidogo wakati wa bei nafuu, tungenunua magunia, tungeyaweka katika chumba nyuma ya kanisa, na mwezi Januari tungefungua. Mwaka wa kwanza tulinunua unga badala ya mahindi yenyewe, na kufikia Desemba ulikuwa umeingia vidudu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye tangu mwanzo hakuupenda mpango huu, alikuja na Biblia imefunguliwa kwenye Kutoka 16, pale mana iliyowekwa mpaka asubuhi ilipooza na kuingia mabuu, akanisomea bila kuongeza neno lake. Tulicheka wote wawili, ingawa mimi sikucheka kwa muda mrefu. Tangu hapo tunaweka mahindi makavu, tunayasaga kidogo kidogo.

Mabuu, hata hivyo, yalikuwa kosa dogo. Mimi, kwa ujuzi wangu, nilikuwa nimetengeneza orodha. Aliyechanga aliandikwa, na aliyeandikwa alipewa kadi yenye alama. Januari ya pili, siku ya kugawa, nilisimama kwenye dirisha la chumba kile, kalamu sikioni, na wa tano au wa sita katika mstari alikuwa mama mmoja mjane anayeuza makala, aliyekuwa akiketi mwisho kabisa kanisani na ambaye sikuwa nimewahi kumwuliza habari zake. Alinyosha beseni. Nilitafuta, nikatafuta tena, nikamwambia, "Mama, jina lako halimo." Hakubisha. Alisema, "Ndiyo, Papa," akalishusha beseni lake, akaondoka akipita karibu na mke wangu aliyekuwa anapima unga. Mke wangu aliniangalia mara moja tu. Nilimaliza kugawa hadi jina la mwisho, kwa mpangilio, na hesabu ilitoka sawasawa bila upungufu wa kopo moja, nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Nilikuwa nimekuwa yule karani. Nilitubu juu ya bahasha, nikasoma habari za Origen, kisha nikajenga kwa mikono yangu dirisha lile lile nililolikuta utotoni, na juu yake nikaandika jina la kanisa. Usiku ule nilisoma tena Kutoka 16, nikaona mstari ambao mzee wetu hakunisomea: kwamba walipopima kwa pishi, aliyekusanya vingi hakubakiwa na kitu, na aliyekusanya vichache hakupungukiwa. Kwa uhasibu wangu, maneno hayo hayawezekani. Paulo aliyachukua hayo hayo katika 2 Wakorintho 8, alipokuwa akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na Wakorintho hao ndio aliokuwa amewakemea katika waraka wa kwanza kwa sababu kwenye meza ya Bwana huyu alikuwa na njaa na huyu amelewa. Nikasoma pia Marko 12, ile habari ya mjane na senti zake mbili ambayo wachangishaji wote wanaipenda, nikagundua kwamba mstari mmoja tu kabla yake Yesu anawalaumu walimu wanaokula nyumba za wajane. Sikuwahi kusikia mahubiri yaliyoisoma mistari hiyo kwa pamoja. Mimi mwenyewe, katika matangazo ya matoleo, nilikuwa naanzia mstari wa 41.

Tulienda kwa mama yule, mimi na mke wangu, tukiwa na unga na aibu. Alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Alichotuambia ni kwamba mwaka ule hakuchanga kwa sababu kila alipotaka kuleta kidogo alichonacho, aliogopa kiasi chake kuandikwa mbele ya watu. Hilo nalo sikuwa nimelifikiria: orodha yangu iliwafukuza watu mara mbili, wakati wa kutoa na wakati wa kupokea.

Tuliifuta orodha, si bila ugomvi. Wengine walisema watu watakuja kula bila kuchanga, na ni kweli wamekuja. Mmoja au wawili wanakuja kila mwaka na gari. Nimejifunza kunyamaza.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2024, ukame ulipoharibu mavuno ya Zambia na bei ya unga hapa ikapanda hadi watu wakaanza kuitaja kwa kunong'ona. Katikati ya shida hiyo kijana mmoja tuliyembatiza sisi wenyewe, anayechimba kobalti huko Kolwezi, alileta dola 600 kwa ajili ya gunia la pamoja. Kila mmoja wetu alijua kwamba miezi miwili kabla ya hapo shimo lao lilikuwa limeporomoka na mwenzake akabaki chini. Katika kikao mzee mmoja alisema hizo ni fedha za damu, akataja Mathayo 27, pale makuhani walipokataa kuzitia katika hazina fedha za Yuda. Nilimheshimu kwa kusema hivyo, lakini nilijibu kwamba makuhani wale ndio waliokuwa wamezitoa, na usafi wao ulianza wakati fedha ziliporudi. Baba yangu alinilisha kwa shaba. Mabati ya kanisa letu yalinunuliwa kwa shaba. Mji huu tangu 1910 kazi yake ni kugeuza mawe kuwa mkate, jambo ambalo Mjaribu alimtaka Yesu alifanye jangwani, naye akalijibu kwa neno kutoka Kumbukumbu la Torati 8. Na sura hiyo hiyo, mistari michache mbele, inasifu nchi ambayo vilimani mwake huchimbwa shaba, kisha inaonya juu ya mtu anayeshiba na kusema nguvu za mkono wake ndizo zilizompatia utajiri. Mawe hayakukatazwa. Linaloulizwa ni nani amesahauliwa wakati wa kushiba.

Kwa hiyo hatukuzikataa fedha wala hatukuzipokea. Tulimwuliza kijana kuhusu mke wa marehemu. Alikaa kimya, akitazama viatu vyake, kisha akasema kwamba tangu mazishi hajaweza kupita mbele ya nyumba ile. Mke wangu ndiye aliyemsomea Mathayo 5, ya kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kwanza kupatana na ndugu, naye ndiye aliyepanda gari pamoja naye na mzee yule yule wa fedha za damu, kupitia Likasi hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 300. Walikaa siku tatu. Yaliyosemwa huko mke wangu hajanisimulia yote, nami siulizi. Waliporudi, dola 600 zilikuwa zimekuwa 250, na hizo ndizo tulizonunulia mahindi.

Januari iliyofuata nilikuwa nimeachia kazi ya dirisha kwa sababu ya macho. Siku ya kugawa mke wangu alinipa beseni akanituma nikapange mstari kama wengine, maana nyumbani unga ulikuwa umekwisha na vitumbua havijauzwa. Mbele palikuwa na yule mama wa makala, kopo mkononi, akipima. Nilipofika kwake nilinyosha beseni, na kabla hajasema lolote nikaanza, kwa mazoea ya zamani, kutaja jina langu kamili, la baba kwanza.

"Sikuuliza jina, Papa," alisema. "Nyumbani mko wangapi?"